Ofisa Starehe wa MV Soko Huria

Masalu hakuwahi kukalia kiti mpaka kikapata joto. Mama yake alimzaa juu ya mkokoteni wa ng'ombe, katikati ya njia ya kwenda zahanati, na inaelekea mtoto alionja raha ya mwendo akaamua kwamba kufika ni ushamba. Alikula amesimama. Kanisani, padri akisema watu waketi, Masalu alikuwa nje anaangalia kama baiskeli yake bado ipo. Hata siku ya kumposa Flora alizunguka zunguka uani kwa wakwe mpaka kuku wakamfuata, wakidhani ana mtama.

Kwa bahati, enzi za ushirika kulikuwa na kazi ya kumfaa mtu wa namna hiyo. Alikuwa tarishi. Alipeleka barua kwa baiskeli kutoka ofisini Bariadi hadi vituo vya kununulia pamba, na barua nyingi ziliuliza kwa nini barua zilizotangulia hazijajibiwa. Majibu aliyarudisha yeye vilevile. Angeweza kuendesha baiskeli ile mpaka uzee bila nchi kupata hasara wala faida.

Halafu serikali ikafungua milango ya biashara, na mlango wa kwanza ukampiga Masalu usoni. Ushirika ulipunguza wafanyakazi, ukaanza na wale wenye baiskeli. Akauza mitumba, akachoka kukaa nyuma ya meza. Akafungua kibanda cha video, lakini filamu ilipokuwa inanoga yeye alitoka kunyoosha miguu na vijana wakaingia bila kulipa. Akatengeneza redio, akauza mbegu, akachimba kisima ambacho hakikufika majini kwa sababu mchimbaji alihamia kisima kingine.

Flora, mkewe, alikuwa fundi cherehani sokoni Bariadi, mwanamke aliyejua kukaa. Alivumilia kila kazi hadi ilipokufa, akaizika, akaendelea kushona. Lakini siku Masalu aliporudi na habari za kazi nyingine mpya, aliondoa mguu kwenye cherehani.

"Baba Monika, mimi sikuolewa na upepo. Nisikilize vizuri. Kazi hii nayo ikifa, nachukua cherehani na mtoto, narudi kwa mama kule Mwandoya. Na safari hii sitanii."

"Safari hii ni tofauti, Mama Monika. Nimepewa cheo."

"Cheo gani?"

"Ofisa Starehe."

Flora alimtazama kama mtu anayetazama suruali iliyokatwa vibaya. "Starehe ya nani?"

Starehe ya abiria. Mwajiri alikuwa Marcelo, mtu ambaye jana alikuwa anauza betri na nyembe juu ya gunia, na leo ana malori na vituo vya kununulia pamba toka Bariadi hadi ziwani. Soko lilipokuwa huru, Marcelo alikuwa huru zaidi. Alikuwa amenunua boti huko Kiloleli, boti lililobeba dagaa kwa miaka mingi na lisilokuwa na nia ya kusahau, akalipaka rangi nyeupe, akaliandika ubavuni MV Soko Huria. Wazo lake lilikuwa kuwachukua wazungu wazee wakishamaliza kuwatazama nyumbu Serengeti, awazungushe ziwani siku mbili tatu, wale samaki, walale humo humo, watoe dola. Kilichokosekana ilikuwa starehe, na starehe ndiyo aliyoajiriwa Masalu kuileta. Mtu asiyeweza kukaa akapewa kazi ya kuwakalisha wengine.

Na aliifanya, tena kwa moyo. Alilisugua boti kwa magadi na ndimu mpaka dagaa wakabaki kuwa tetesi. Flora akashona foronya za mito ya mabenchi, Masalu akaijaza pamba. Pamba ilikuwa ya bosi, ya bure, imetoka shambani moja kwa moja bila kupita kiwandani, na mbegu zake zote zimo ndani. Masalu hakuzigundua kwa sababu kuzigundua kulihitaji kukaa. Alipanua mlango wa choo ili kiti cha magurudumu kipite, na kweli kilipita, ila mlango ukifunguliwa aliye chooni alitazamana na mpishi. Akaomba zege la njia ya mteremko toka ufukweni hadi kwenye boti, maana daraja lilikuwa ubao mmoja uliosimama kama ngazi ya kupandia darini. Marcelo akaleta mifuko miwili ya saruji, akaifunika turubai, akasema, "Kwanza wageni, halafu zege."

Wageni walikuwa mkononi mwa mama mmoja wa Mwanza, Bi Justina, mwenye ofisi ya kusafirisha watalii. Alikuja, akalitazama boti juu hadi chini nyuma ya miwani nyeusi.

"Bwana Marcelo, wageni wangu wana umri. Wako wa fimbo, wako wa viti vya magurudumu. Jumamosi nataka nione kwa macho yangu mtu asiyeweza kutembea anapandishwa, anakaa raha, anakwenda chooni, anashushwa. Nikiona, wageni ni wako. Nisipoona, rudini kwenye dagaa."

Gari lake halijapotea vumbini Marcelo akapiga kofi. "Ofisa Starehe! Nitafutie mtu asiyetembea." Alisema hivyo kama anayeagiza tairi. "Lakini awe na uzima. Asije akanifia mbele ya mgeni. Nawe ukinikosesha wageni hawa, cheo nakivua."

Masalu alimjua mmoja tu. Na huyo mmoja ndiye binadamu wa mwisho ambaye angetaka kumwona kwenye boti.

Alikuwa Milembe, mama yake Flora. Miaka yote Milembe alizunguka minada ya Meatu kwa miguu akiuza tumbaku, na watu walisema ukitaka kumpata nyumbani uende siku ya msiba wake. Mwaka uliopita aliruka kutoka kwenye lori la pamba kwa sababu hakuwa na subira ya kungoja lisimame, akavunjika nyonga. Sasa alikuwa amewekwa kwenye kigoda mlangoni Mwandoya, anatukana barabara. Mtu na mkwewe walikuwa na ugonjwa mmoja, wala hawakuwahi kuujadili, maana hawakuwahi kujadili chochote.

Ndivyo mila inavyotaka. Mkwe wa kiume hamgusi mama mkwe, hamtazami usoni, hakalii alipokalia, na jina lake halitoki mdomoni mwake hata akibanwa na mlango. Wakikutana njiani mmoja anaingia porini, na anayeingia ni kijana, kwa kuwa ana miguu. Vijana wa mjini walikuwa wameanza kulegeza, lakini si kwa Milembe. Kwenye nchi pana kama Meatu, mila hiyo ni nyepesi kuitunza, pori lipo la kutosha. Walioianzisha hawakuwahi kupanda boti ambalo ukipiga chafya mbele, wa nyuma anajifuta.

Flora ndiye aliyekwenda Mwandoya na ujumbe.

"Mwangaluka, mayu," Flora akamwamkia mama yake kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola duhu. Mama, kuna jambo la kule kazini kwa baba Monika..."

"Kuna kuondoka?"

"Kuna."

"Nimekubali," akasema Milembe. "Wapi?"

Wakaja na lori la pamba, Milembe mbele kwa dereva, akimwambia kila baada ya kilima kwamba anaendesha kama anayesindikiza maiti. Walipopita Bariadi, Masalu alipandia nyuma, juu ya magunia kabisa, amegeukia walikotoka. Njia nzima alikuwa anakuna kichwa. Nani atampandisha? Kwa utaratibu aliouandaa mwenyewe, Ofisa Starehe ndiye anayembeba abiria mgongoni. Afadhali aombwe ameze injini. Ngeleja, mpimaji wa kituo cha pamba cha Marcelo pale ufukweni, alijitolea, lakini Milembe akatuma jibu kupitia kwa Flora: "Sibebwi mgongoni na mwanamume ambaye hata ng'ombe zake sizijui."

Basi Masalu akaunda winchi. Akasimika nguzo yenye mkono wa kuzunguka ukingoni mwa maji, akafunga kapi na kamba, akatafuta ndoano ya kuning'inizia turubai la kumkalisha mama. Kiloleli nzima hakukuwa na ndoano ya kuaminika isipokuwa moja, ile iliyokuwa chini ya mizani ya Ngeleja. Ndoano haikung'oka kwenye mizani. Wakaning'iniza mizani yote, saa yake kubwa ikiwatazama watu.

Jumamosi ilikuwa siku ya kununua pamba, na wakulima walikuwa wamejaa na magunia yao. Wakaambiwa wasubiri, mizani iko kwenye shughuli za utalii. Wakaja kutazama. Bi Justina alikuwa ameshapanda ubao akiwa ameshika viatu mkononi, yuko kwenye benchi, anasogea huku na huku kama mtu aliyekalia jambo. Flora alisimama pembeni, mikono imefungwa kifuani. Milembe alikalishwa kwenye turubai na wanawake, pembe nne zikatiwa kwenye ndoano. Masalu alishika kamba akiwa amempa mgongo, kwa adabu, akavuta.

Mama akapanda hewani taratibu, kanga inapepea. Hakupiga kelele. Alitazama ziwa, akatazama vichwa vya watu chini, akasema kwa sauti ya mtu aliyeletewa maji baada ya kiu ndefu, "Eeh! Juu zaidi!"

Ilikuwa inakwenda vizuri. Masalu alisikia watu wanashangilia, akaona kwa jicho la pembeni Bi Justina anavua miwani. Kisha turubai likatulia, mshale wa mizani nao ukatulia, na Ngeleja, ambaye kwa miaka mingi hakuwahi kuona mshale umetulia akanyamaza, alifunua mdomo.

"Hamsini na sabaaa! Toa turubai mbili, hamsini na tanooo! Mwingine!"

Hakukusudia, maskini. Mkono ulikuwa umeshaziba mdomo, lakini kilo zilikuwa zimeshatoka.

"Nani hamsini na tano?" Sauti ilitoka juu.

"Samahani, mayu, mazoea tu..."

"Nimeuliza nani hamsini na tano! Mwezi uliopita sista wa misheni kanipima. Sitini na nane. Sista hadanganyi, ameolewa na Mungu. Kilo zangu kumi na tatu mmeziweka wapi?"

Watu walicheka. Halafu kicheko kikaanza kupungua, kimoja kimoja, kila mtu anapokumbuka gunia lake.

"Mayu, hata mimi," akasema mzee mmoja. "Lile gunia tulilibeba wanaume wawili, hapa likasoma kama kitoto."

"Bibi amekonda!" Marcelo akapaza sauti, jasho limeshaanza. "Safari ndefu! Vumbi!"

"Nimekonda toka Bariadi? Basi nipimeni tena! Na mnipime kwa mizani ya sista!"

"Ofisa Starehe," Marcelo akanong'ona kwa meno, "mtue huyo bibi yako, halafu uwazibe watu hawa midomo. Kazi yako iko hapo."

Masalu alilegeza kamba, nahodha akauzungusha mkono wa nguzo upande wa boti, mama akatua benchini salama. Hakuna aliyepiga makofi. Masalu akamtazama mkewe. Mguu wa Flora ulikuwa unakanyaga mchanga polepole kama ulioko kwenye cherehani, na Masalu aliisikia cherehani ile ikipakiwa kwenye basi la Mwandoya.

Sasa hapa ni lazima isemwe wazi kwamba alikuwa na nia njema. Hakuwa mtu wa vituoni, alikuwa mtu wa barua, na aliamini mizani kama alivyoamini mihuri. Akili yake ikazunguka haraka kuliko miguu. Mama amekosea. Wazee hukosea. Anachotakiwa ni kitu ambacho uzito wake unajulikana na kila mtu. Akakimbilia turubai la zege lisilojengwa, akaburuta mfuko mmoja, akaugeuza ili wote wasome maandishi.

"Wazee wangu! Hii ni saruji. Kilo hamsini, imeandikwa, haijafunguliwa. Tuupime, tumalize maneno, twende safari."

"Masalu," akasema Marcelo. "Masalu, acha."

Masalu alikuwa ameshauning'iniza. Mshale ukapanda, ukatetemeka, ukasimama. Ngeleja aliuma kanga ya mwanamke aliyekuwa karibu yake ili asiseme. Wakasoma wenyewe.

Arobaini na moja.

Mtu mmoja nyuma alicheka kile kicheko kinachotangulia fimbo. Marcelo hakungoja kukisikia chote. Ubao ule aliosema siku zote ni salama kwa wazee wa dunia nzima, aliupanda kwa magoti na viganja, akausukuma majini, akamfokea nahodha awashe injini. MV Soko Huria ikaondoka kwenye safari yake ya kwanza ya anasa, ikiwa na nahodha mmoja, tajiri mmoja, mkaguzi mmoja na mama mkwe. Ofisa Starehe akabaki ufukweni amekumbatia saruji.

Boti halikuwa na mafuta ya kufika popote. Likawa linazunguka mbele ya ufukwe, si mbali, na wakulima wakakaa kwenye magunia yao kutazama kila walichoibiwa kikizungushwa ziwani. Masalu naye alizunguka, yeye kwa miguu, toka kwenye nguzo hadi kwenye saruji, toka kwenye saruji hadi kwa Flora, ambaye hakumtazama.

"Mama Monika."

"Usiniite. Naangalia mama yangu."

Na mama alikuwa wa kuangaliwa. Alihamia benchi la mbele kwa kujiburuta, akakaa, akainuka kwa mikono, akahamia la nyuma. Upepo ulileta vipande vya sauti. "...si huku! Nataka kuona Ukerewe!" Kisha ikaonekana ananyoosha mkono, anaonyesha choo. Nahodha alikuwa kwenye usukani. Bi Justina aliweka viganja juu, kwamba yeye ni mgeni. Akabaki mmoja tu. Ufukwe mzima ukasimama kumwona Marcelo, mwenye malori, akiinama, akipandwa mgongoni na Milembe, akitembea kwa kuyumba hadi kwenye ule mlango mpana, akingoja nje amegeuka, akimbeba tena kumrudisha. Wakulima walishangilia kila hatua. Kwa saa kadhaa zile mama hakumpa Marcelo nafasi ya kukaa. Jua lilipoanza kumchoma alibebwa kivulini. Kivuli kilipomchosha alibebwa juani.

Mafuta yalipokwisha, mawimbi yalilirudisha boti yenyewe. Marcelo alishuka majini hadi kiunoni, mpole, nguo zimemganda. Hakupigwa, alikuwa ameshachoka kiasi ambacho kumpiga kungekuwa kumpumzisha. Wakakubaliana mbele ya mwenyekiti wa kijiji kwamba boti litabaki hapo hapo mpaka pamba yote ya msimu ipimwe upya kwa mizani ya watu na kila mtu apate kilichopunjwa, na katikati ya hapo litafanya kazi ya kuvusha watu siku za mnada. Marcelo akapanda lori lake. Hata kumfukuza kazi Masalu alisahau.

Bi Justina alishushwa kwa winchi, kwa ombi lake mwenyewe. "Bwana Ofisa," akamwambia Masalu huku akijipangusa nyuma, "nimeona anapandishwa, nimeona anakwenda chooni. Raha sijaiona. Makalio yangu yamejaa mbegu. Wageni wangu sileti." Akapiga hatua mbili, akageuka. "Ila hiyo winchi yako ni nzuri. Ukiitoa mdomo."

Akaenda zake, na wazungu wote wa Serengeti wakaenda naye. Flora alishuka hadi ukingoni. Masalu alisimama nyuma yake, mgongo kwenye boti, uso kwenye nchi kavu.

"Mama, shuka. Kazi imekufa. Nimeshasema na nimesema, tunarudi wote Mwandoya."

"Nani anarudi?" Milembe alikuwa amelala benchini chali, mguu mbovu umewekwa kwenye mto, kama bibi harusi. "Utamkuta nani Mwandoya? Mimi siko. Mimi niko melini."

"Mama!"

"Jumamosi ijayo kuna mnada, boti linavuka, nami navuka nalo. Ukitaka kurudi kwa mama yako, panda." Akajikuna mgongo. "Mwambie huyo mtu wako mito ina mbegu."

Flora akageuza kichwa. "Mama anasema mito ina mbegu."

"Mwambie nimesikia."

"Amesikia, mama."

"Najua amesikia, simwambii kiziwi. Mwambie tena. Nilisema sitini na nane. Nilisema mwenyewe, kwa mdomo wangu, nikiwa juu pale nimening'inia. Yeye akaona aulize saruji. Siku nyingine akitaka kujua uzito wangu aniulize mimi."

Flora hakurudia hayo. Aliyaacha yapite yenyewe. Masalu alikuwa ametulia kabisa kwa mara ya kwanza tangu wamefahamiana, anatazama vidole vya miguu yake, na Flora aliona masikio ya mumewe yamekuwa mekundu kama ya mtoto aliyefinywa. Alijaribu kuendelea kukasirika. Ikamjia picha ya Marcelo na ule mlango mpana, akashindwa, akacheka mpaka akashika goti.

"Basi ingia ukatoe mbegu, Ofisa," akasema. "Mimi nitashona upya. Cherehani niletee huku kesho."

Mama alishushwa kwa winchi kwenda kulala kwa mjumbe, Ngeleja akiwa amefungwa kitambaa mdomoni kwa hiari. Masalu ndipo akapanda boti. Alikuwa amechoka kwa namna asiyowahi kuchoka, na kwa mara ya kwanza maishani alikitamani kiti. Akalisogelea benchi la mbele, akasita.

"Mama Monika! Alikalia lipi, mama?"

Flora, akiwa ufukweni na sindano katikati ya midomo, alifikiri kidogo.

"Yote," akasema. "Uliona mwenyewe. Aliyajaribu yote."

Masalu akayatazama mabenchi, moja baada ya jingine, hadi mwisho wa boti. Akachukua mto wa kwanza, akaufumua, akaanza kuchambua mbegu amesimama.